Suruali Imepasuka, Dada, na Kazi Nimepata

Dada Nyangeta,

Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, nakutangazia kupasuka kwa suruali yangu ya kijivu, ile uliyosema inafanana na pazia la zahanati. Imepasuka nyuma, pale mtaa wa Nyakato, nikishuka kwenye bodaboda mbele ya watu wazima na akili zao. Hakuna majeruhi isipokuwa mimi.

Jambo jingine, dogo tu: kazi nimepata.

Usipige vigelegele kwanza. Naanza Jumatatu. Nilipita ofisini kusaini, kijana mmoja akaniamkia shikamoo, nikajua nimekwisha. Huyo ndiye atakayenifundisha mfumo.

Unakumbuka nilivyokueleza hiyo kazi? Ulikuwa unaparua sato nyuma ya nyumba yako, kule Makoko, Musoma. Nikakuambia ni meneja wa programu za kiufundi: mafundi wa mtandao, waandishi wa mifumo ya kompyuta, wauguzi wa zahanati, wote wafike mahali pamoja kwa wakati mmoja, na wewe siyo bosi wa yeyote. Ulicheka mpaka magamba yakakurukia usoni.

"Yaani unalipwa kubembeleza?"

Halafu ukajifanya paneli ya intavyuu. Kisu mkononi, unauliza, najibu. Nilikuwa nimekariri habari ya kuhamisha mitambo kule kwenye kazi yangu ya zamani, kabla mkataba haujaisha na nyumba yangu kuanza kula jasho la mke wangu peke yake. Ulikuwaga unanikatiza: "Magesa, hapo umeongea kama tangazo la redio. Rudia."

Hukungoja nirudie mpaka mwisho. Ukaenda Bunda kutibiwa. Hukurudi.

Nikusimulie msiba wako, maana ulikuwepo ila hukusikia. Mwili wako umelala Bunda, hospitalini. Kaburi lichimbwe Butiama, kwetu. Rafiki zako wako Makoko. Baba Mdogo, kwa niaba ya ukoo, akasema achinjwe dume la ng'ombe, na samaki asionekane: "Binti yetu hazikwi kwa samaki kama msafiri!" Mama Nyamisi na wauza samaki wenzako walikuwa wameshapakia sato kwenye gari: "Samaki wasipokwenda, hatupandi." Baba Mdogo aliposikia, akawakataza vijana wasiguse jembe. Dereva wa jeneza akanipigia yuko njia panda ya Makutano: "Kaka, nikate kona niingie Butiama, au ninyooke Musoma?" Nimeshika simu, na sina amri juu ya hata mmoja wao.

Nikamuuliza Baba Mdogo anaogopa nini. Akasema, "Watasema tumemzika bila ng'ombe, kama hana kwao." Mama Nyamisi naye akaniambia, "Mtamchukua kana kwamba Makoko hakuishi." Basi nikamwomba Mama Nyamisi asiwapelekee wazee samaki, awafikishe samaki hao jikoni kwa Mama Mdogo, mwanamke kwa mwanamke. Baba Mdogo nikamwambia achinje tu. Majembe yakashikwa, dereva akakata kona. Mchana sahani moja ilikuwa na vyote, na Baba Mdogo alimla sato mpaka kichwa. Akasema anaonja tu.

Sasa intavyuu. Nyumbani nimesema nilitiririka kama maji. Wewe nikuambie ilivyokuwa.

Binti mmoja wa paneli aliniuliza ni lini niliongoza watu nisiokuwa na mamlaka juu yao. Habari yote ya mitambo ikafutika kichwani. Nikawa naona kisu chako tu. Nikajisikia nasema, "Nilimzika dada yangu." Nikawasimulia hivyo hivyo, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika kama makande. Akauliza kwa upole: ungefanya nini tofauti? Nikasema ningemuuliza mwenyewe anataka aagwe vipi, angali na sauti. Lakini sisi wawili tulikuwa tunaongea intavyuu ili tusiongee ugonjwa.

Hapo nililia, Dada. Siyo chozi moja la heshima. Nililia na kamasi, nikafutia tai. Wakanisubiri. Nilitoka nikijua nimeharibu, na simu ilipokuja nilimwomba yule binti arudie jina, nihakikishe ni langu. Mpaka leo sijui walinichukua kwa jibu au kwa huruma. Hiyo ndiyo hofu nitakayoingia nayo Jumatatu.

Ila nakuahidi: kabla sijamwambia mtu afanye nini, nitamuuliza kwanza anaogopa nini. Hata yule wa shikamoo. Na nikianza kuongea kama redio, nitarudia. Pumzika, dada yangu.

Halafu, kuhusu suruali nimekudanganya. Haikupasuka Nyakato. Siku ile ya simu niliivaa tena, nikaja mpaka Butiama nikuambie mwenyewe. Nilipopiga magoti kaburini kwako, ikapasuka. Nikangoja ucheke. Maneno yakakataa kutoka, nikarudi nyumbani nimejifunga shati kiunoni. Ndiyo maana nimeandika.

Mdogo wako,
Magesa