Magazeti Niliyomtunzia Paluku

Biira wangu,

Hatujambo hapa Bwera. Mama yako anaanika kahawa, na mtoto wa kaka yako ameanza kutembea.

Unasema kiwandani kwenu magazeti yakishachapwa, mashine huyaviringisha na kuyatunza yenyewe hadi yahitajike. Umeniuliza sisi tuliyatunzaje. Miaka ya sitini yalikuja kwa basi kutoka Kasese, nami niliyaweka chini ya meza dukani kwa baba. Kila Jumamosi alikuja Paluku, kijana mkimbizi wa Butembo. Aliyasoma kwa sauti akinionyesha maneno kwa kidole, maana mimi kusoma kulinishinda.

Siku moja akasema anavuka mpaka wa Kongo kumtafuta mama yake.

“Unichungie gazeti yangu, dada. Nitarudi.”

“Utaikuta,” nikamjibu.

Nikamwekea, wiki baada ya wiki. Baba alitaka kuyatumia kufungia chumvi, nikakataa. Paluku hakurudi. Mwishowe, kwa hamu ya sauti yake, nilifungua gazeti moja nikasoma polepole, kwa sauti, hadi nikamaliza ukurasa mzima. Nililia, maana niliyetaka kumwambia hakuwapo.

Sasa nimekuambia wewe.

Bibi yako,
Masika