Gari Linanichongea

Jumatatu, 7 Julai

Watoto shule, kisha sokoni, kisha Leparua, nje ya mji, kwa Halima. Anapata nguvu. Nimemwosha, nimemkanda mgongo kwa mafuta ya simsim, nimempikia uji. Mzazi hajatoka arobaini haachwi peke yake. Kazi hii ingekuwa ya mama, lakini mama hayuko. Basi ni mimi dadake, hata kama alikimbia akaolewa na Mturkana wa kanisa na kwetu jina lake halitajwi.

Kaka yetu Hassan ameapa akimpata atamrudisha mjini kwa nguvu, mtoto abaki kwa babake. Namjua Hassan. Hana mchezo.

Alhamisi, 10 Julai

Mume wangu amepiga kutoka Nairobi, yuko huko na malori.

"Mama Sumeya, gari lilifuata nini Leparua?"

Nikasema maziwa ya ngamia. Akasema sawa, akauliza kama watoto wamekula.

Amejuaje? Nimempigia tena jioni. Amenieleza bila hata haya. Hili gari jipya lina laini ndani kama simu. Linamtumia kila kitu: nimewasha saa ngapi, nimesimama wapi, nimekanyaga breki vipi, mlango gani umefunguliwa. Anafurahi kweli. Siku aliponipa funguo nililia mbele ya wakwe. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetafuta pa kuzima. Nimebonyeza kila kitu. Linasema mwenye akaunti ndiye anaruhusu. Gari liko kwa jina langu, akaunti ni ya baba Sumeya. Nimelipiga teke. Mguu unauma.

Jumapili, 13 Julai

Nimeegesha hospitali nikachukua bodaboda. Buibui vumbi tupu. Najiona mwizi, na sijaiba kitu cha mtu. Halima ameuliza gari liko wapi. Nimesema gereji.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwisha.

Baba Sumeya amerudi jana. Leo alasiri ameketi dukani kwa Hassan na wenzake, wanatafuna miraa, akatoa simu awaonyeshe vile gari lake haliwezi kuibwa. Safari zangu zote ziko humo kwa ramani, hata za mwezi uliopita. Hassan akaona ni nyumba moja tu kila mara. Akaomba atumiwe mahali hapo. Akatumiwa.

Mume wangu amenisimulia haya akila, kama kichekesho. Labda hakujua anachofanya. Labda alijua. Nikimuuliza nitakuwa nimejisema mwenyewe, kwa hivyo nimemwongezea mchuzi.

Simu yangu pia niliiunga na gari hili nisikilize kaswida. Siiamini tena. Nimeazima ya mama mboga, nikampigia Halima nikiwa nyuma ya kibanda chake. Nikamwambia ondokeni leo, msingoje asubuhi. Akaanza kunitajia wanakokwenda.

"Usiniambie," nikamkatiza. "Wakitaka kukupata watapitia kwangu."

Nilisikia mtoto analia, halafu simu ikakatika.

Ijumaa, 18 Julai

Hassan alienda Leparua jana na vijana wawili. Nyumba tupu. Leo baada ya swala amekuja kwetu. Salaam aleikum, aleikum salaam. Amekula vizuri, amesifu pilau. Hakuniuliza lolote. Akitoka alizunguka gari langu polepole, akagonga boneti kwa kidole.

Namchukia. Namchukia na ni kaka yangu.

Jumanne, 22 Julai

Baba Sumeya anasema siku hizi siendi popote, niwe natoka kidogo nipunge hewa. Kwa upole kabisa. Nimezunguka mjini, nimenunua sabuni, nimerudi. Najua aliniangalia njia nzima.

Jumatano, 30 Julai

Leo Halima anatoka arobaini. Mtoto atanyolewa, atapelekwa nje aone jua, na kuna mwanamke mwingine atambeba. Sijui ni wapi. Sijui hata kama nyumba ina kivuli.

Nimepika kidogo, nikala peke yangu jikoni. Saa tisa nikaenda kuchukua watoto.