Nyuki Wawili wa Kipawa

Mtani wangu Mgaya,

Hujambo huko uliko? Naona haya kuuliza, lakini barua tulizofundishwa darasa la nne zote zilianza kwa kuuliza hali, na baada ya hapo sikufundishwa nyingine.

Mie mzima, ila mgongo. Bado tunafyeka pori la Kipawa ndege zipate pa kutua, na jioni narudi Temeke kwa miguu. Shoka lako mnyapara amempa mtu mwingine. Analishika kama mwiko.

Juzi ilikuwa arobaini yako. Nilisema yote mbele ya watu, nami nataka uyasikie kwangu na wewe.

Unakumbuka ile mara ya kwanza, kwenye mkorosho? Nyuki walikuuma, midomo ikavimba, mwili mzima ukatoka mabaka, ukalala siku mbili mkeo Mwajuma akikukanda. Mie nikakuita Bwana Midomo mwezi mzima. Ulicheka, ungefanyaje? Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, na mtani hakasirikiwi. Nikakwambia nyuki huzoeleka. Kwetu Songea warina asali ndivyo wasemavyo: wa kwanza anakuvimbisha, wa kumi humsikii. Niliamini hivyo, Mgaya. Wallahi niliamini.

Kisha tukakuta nyuki ndani ya gogo la mkwaju. Ukarudi nyuma. "Mngoni, mie hapo sisogei. Hawa wana kesi na mie." Nami nikakwapua shati lako, nikalitundika kwenye tawi juu ya gogo. "Kalikomboe! Au nikamwambie Mwajuma kaolewa na kuku?" Kundi zima likaangua kicheko. Ukaenda, nawe unacheka.

Nyuki wawili tu. Mmoja shingoni, mmoja mkononi. Safari hii hata midomo haikuvimba. Ulirudi ukaketi, jasho likakutiririka, ukashika kifua. "Moyo unabanwa, Komba."

Nikasema, "Jamani sikieni, kumbe Mhehe naye ana moyo!"

Hilo ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu. Tulikubeba kwenye gunia. Hatukufika barabarani, roho ikakutoka.

Habari ya shati sikuisema. Watu walitafuta uvimbe hawakuuona, wakasema ni moyo tu. Lakini kaka yako mkubwa alipofika na lori kutoka Iringa, akauliza siku ile ulikula nini. Muhogo na samaki, alivyokufungia Mwajuma. Hapo ndipo lilipozuka neno. Sumu. "Mwanamume hafi kwa nyuki wawili. Huyu mwanamke wa Pwani kamtilia." Wakakubaliana kwamba arobaini ikipita atolewe nyumbani na nguo alizovaa, na jina la muuaji limfuate. Naye yumo edani, hawezi hata kutoka nje kujitetea.

Nikaenda kwa dresa wa zahanati, yule mzee Mpogoro. Nikamwuliza, shikamoo mzee, nyuki wawili waweza kuua moyo wa mtu mzima? Hakunicheka. Alisema wako watu ambao damu yao haipatani na sumu ya nyuki. Mara ya kwanza damu inaishika sumu ile kama adui, inamkumbuka. Siku akirudi, inainuka kwa hasira mwili mzima, na hasira hiyo yaweza kuibana mishipa ya moyo wenyewe, hata kama ngozi haikuvimba. "Mtu wa namna hiyo hazoei," akasema. "Mngemleta ile mara ya kwanza, ningewaambia asikaribie nyuki tena."

Basi juzi, baada ya dua, nikasimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemuua Mgaya."

Wakacheka! Walidhani mtani yuko kazini, kama watani wafanyavyo misibani. Mmoja akapiga kelele, "Mngoni kaanza! Mwagieni maji huyo!" Nilisimama pale, kicheko kinanizunguka, machozi yananitoka, mpaka wakanyamaza mmoja mmoja. Ndipo nikaeleza: mkorosho, shati, shingo, maneno ya dresa. Na kwamba chakula cha Mwajuma tulikula wote wawili, mie ndiye niliyemaliza samaki.

Kaka yako akaja mpaka niliposimama. "Basi mwanamke hana neno," akasema. "Nitamwomba radhi. Nawe huna kosa. Mtani hashitakiwi." Akanipa mkono.

Mgaya, afadhali angenipiga.

Shemeji Mwajuma alikuwa anasikia yote nyuma ya pazia. Alisema neno moja tu: "Mie si mtani wako." Tangu juzi nampelekea maji. Anayepokea ni jirani.

Kaka yako anaondoka kesho. Namjua, atamwambia mama yenu umeuawa na nyuki, na mie ataniacha nje ya habari, maana mtani hashitakiwi. Hilo sikubali. Mvua zikikatika naomba ruhusa, napanda lori mpaka Iringa. Nitamwamkia mama yako, nitakaa chini, nitamwambia nilichofanya kwa mkono wangu na kwa mdomo wangu, pasipo utani. Akinifukuza nitaondoka. Akinyamaza nitakaa palepale mpaka aseme.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi nitafika.

Ni mie,
Komba