Kitambaa cha Njano kwenye Usukani

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Mvua tena. Mgongo tena. Nimerudi Kamembe kutoka Bweyeye nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Binti yangu Bella ameniuliza kama nimepanda gari au gari limenipanda mimi. Nimecheka, lakini hata kucheka kunauma.

Kazi ni ileile. Lami kutoka hapa mpaka Pindura, katikati ya msitu. Hapo unaacha lami na kuingia kwenye udongo. Hapo ndipo ninapolala chini ya Land Cruiser na kufungua bolti mbili za ile bare ya mbele — chuma kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia yaende pamoja. Kwenye lami ni rafiki, gari halilali kwenye kona. Kwenye njia ya Bweyeye ni adui! Gurudumu moja likitaka kushuka shimoni, jingine linalikataza, gari linabaki limening'inia kwa miguu mitatu. Ukiifungua, kila gurudumu linatafuta ardhi yake. Ninaifunga bare juu kwa mpira wa tyubu, ninaendelea. Nikirudi Pindura ninairudisha. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi, mgongo kwenye tope. Nina miaka arobaini na sita.

Na chef Wenceslas, aliyeletwa kutoka Kigali mwezi wa nane kusimamia mradi wetu wa afya, amekataza. Leo amerudia kikaoni: gari limetengenezwa na wenye akili zao, dereva asiguse kitu. Théoneste, dereva mwenzangu, akaninong'oneza: "Huyu muntu hajafika Bweyeye hata mu ndoto!"

Jumanne, 9 Novemba

Leo gari lilikuwa na Théoneste. Gari moja, madereva wawili. Tulikua pamoja Kadutu, ng'ambo ya pili ya mpaka, tukavuka pamoja kuja huku baada ya vita. Ninampenda kama ndugu. Ananichosha kama ndugu.

Amekwenda Butare na kurudi kabla ya jua kuzama. Anakata kona za msitu wa Nyungwe kama bwana harusi aliyechelewa kanisani. Nimemwambia siku moja ataua watu. Akajibu, "Papa Bella, bita mbili hazikuniua, ni kona njo itaniua?" Nimenuna. Yeye akaongeza sauti ya muziki.

Kwa sababu chef amekataza, hatuandiki habari ya bare kwenye daftari la gari. Tuna kitambaa. Béata, mke wa Théoneste, alitukatia ukingo wa kitenge chake cha njano. Ukifungua bare, unafunga kitambaa kwenye usukani. Ukiirudisha, unakitoa. Mwenzako akikuta usukani mtupu anajua gari liko tayari kwa lami, anaondoka bila kuuliza. Tangu Agosti hakijatudanganya hata mara moja.

Mizinga imesikika ng'ambo wakati wa chakula. Hakuna aliyeacha kula.

Jumatano, 10 Novemba

Sitaandika sana.

Tuliitwa Bweyeye asubuhi. Umuhire, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, uchungu siku ya pili. Wanaume walimbeba kwa ngobyi, zile machela za matete, saa tatu nzima kwenye utelezi. Tukampakia, nesi Mukagasana akapanda naye nyuma.

Pindura nikasimama nirudishe bare. Mvua ya mawe. Nikiwa na mguu mmoja nje Mukagasana akapiga kioo: "Papa Bella! Unaenda kulala chini ya gari na mutoto ya bantu anakufa huku? Twende!" Kweli tupu. Nikafunga mlango. Nikaenda hivyohivyo, kilomita thelathini kwa saa, gari linalala kila kona kama mlevi, mimi najua, nalibembeleza. Karibu na Gisakura ndoano ya chupa ya serumu, yale maji ya mshipani, ikakatika. Mukagasana akaomba kamba. Sikuwa na kamba. Nikafungua kitambaa kwenye usukani, nikampa.

Tumefika saa kumi na moja. Yuko hai! Mukagasana amenishika mkono. Nimeacha gari hospitalini, ufunguo kwa mlinzi. Bare nitairudisha kesho. Leo siwezi kulala chini ya kitu chochote isipokuwa blanketi.

Alhamisi, 11 Novemba

Ninaandika ofisini, mezani kwa radio ya kuitia gari. Nisipoandika nitapiga ukuta.

Bella aliniamsha saa tatu. Alitaka kufua suruali yangu. "Papa, hibi bintu ni bya gari?" Bolti mbili kiganjani mwake.

Sikuvaa viatu. Hospitalini hakuna gari. Mlinzi akasema daktari ameshindwa, Umuhire apelekwe Butare akapasuliwe. Théoneste aliondoka naye saa moja na nusu, Mukagasana pia yumo. Nikauliza, aliangalia gari? "Aliangalia usukani tu, halafu akasema: iko bien."

Usukani mtupu. Mimi niliufanya mtupu! Kwa mikono yangu! Na kitambaa hakiko mbali — mlinzi aliona serumu ikitundikwa nacho, rangi ya njano. Kimo ndani ya gari hilohilo, nyuma ya kisogo cha Théoneste.

Nimeziweka bolti mbele ya chef Wenceslas. Nimemwambia yote: Pindura, kitambaa, tangu Agosti. Kazi imekwisha, najua, na wala sijali. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alizitazama tu, akauliza, "Kwa mwendo wa Théoneste?" Nikasema ndiyo. Akaita kwa radio mara sita. Halafu ametoka mbio kuomba pikapu ya parokia, ameniachia kipaza sauti.

Naita. Msituni radio haishiki, najua. Théoneste huita akifika Kitabi, upande wa pili, saa tatu na nusu kamili, na kujisifu. Sasa ni saa nne na dakika kumi.

Labda amesikia kwamba bare haijafungwa. Dereva mzuri anasikia gari likilala kona ya kwanza. Yeye ni dereva mzuri kuliko mimi, sijawahi kumwambia. Labda yuko chini ya gari sasa hivi, ananitukana, anatafuta bolti. Nitukane, ndugu yangu. Nitukane mpaka jioni.

Saa nne na nusu. Naita. Hakuna.

Béata amekuja. Huja kila siku mumewe akienda Butare, anasimama mlangoni asikie ile "nimetoka msituni" yake, halafu anakwenda sokoni. Amenisalimia, nimeitikia. Hakuuliza habari ya radio. Ameona bolti mezani. Miaka kumi mke wa dereva, hahitaji kufundishwa.

"Papa Bella," amesema, polepole, "kitambaa yangu uliifunga?"