Mgeni kwenye Mpera wa Bi Mwanaidi

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, na joto la kunata. Mabega yananiuma kwa kubeba marobota ya mkonge wiki nzima, ila leo sikulala mchana. Kuna picha kwenye simu yangu ambazo haziniachi.

Jana asubuhi, nikienda kunawa uani, nilimkuta nondo kwenye shina la mpera. Mrefu kama kidole changu cha kati, rangi ya majivu, madoa meusi mbawa zote. Kwetu Kasulu, kwa Waha, sijawahi kuona wa namna ile. Shule niliiachia darasa la sita, lakini hamu ya kujua haikuniacha.

Bi Mwanaidi, mwenye nyumba tunayopanga hapa Makorora, alimwona kabla yangu. Mpera ule aliupanda marehemu mumewe, na kwa imani yake mdudu mkubwa akitua nyumbani ni mgeni, hafukuzwi. Alikuwa ameshamletea chetezo cha ubani. Nikapiga picha harakaharaka. Moja imetoka ukungu, nyingine zimejaa moshi. Nondo akaruka, akaenda zake.

Kazini niliwaonyesha wenzangu.

"Muha, kwenu hamna wadudu? Huyo mtoto wa popo," akasema Mgosi Shekiondo, wakacheka wote. Lakini ndiye aliyenipa namba ya shemeji yake, bwana shamba kule Muheza.

Shemeji huyo alitazama picha nilizomtumia, akaniuliza kama nyumba ilikuwa inaungua. Kisha akasema niachane na mbawa, nimpigie picha ya shina, chini kabisa.

Leo nimepiga magoti. Chini ya mpera kuna punjepunje za unga wa mbao. Nimekuwa nikizifagia kila siku nikidhani ni uchafu wa kuku. Juu yake, kwenye shina, kuna tundu, na ganda kavu la kahawia, kama la mdudu aliyejivua, limechomoza nusu.

Nikapiga picha, nikamtumia bwana shamba. Jibu lilikuja upesi. Ni jamii ya nondo wa mbao. Kiwavi wake huishi ndani ya shina miezi na miezi akitafuna, mpaka atoke na mbawa. Jina kamili la nondo, anasema, hawezi kulitaja kwa picha za moshi. Huenda wamo wengine. Nichokoe matundu kwa waya, niyazibe kwa udongo, la sivyo mti utavunjika.

Mgeni ndiye anayeula mti.

Niliogopa kumwambia Bi Mwanaidi. Mwishowe nikamwonyesha lile ganda. Aliligeuza kiganjani, nikadhani atalia.

"Marehemu naye alikuwa hivyohivyo, mwanangu. Anakula kimya, ukija kushtuka sufuria tupu," akasema akicheka.

Kisha akaushika mti, hakucheka tena. Akaniambia nitafute waya, ila nisianze mpaka yeye aingie ndani.

Matundu ya chini nimeyaziba. Moja liko juu, karibu na panda ya matawi, na unga wake bado mbichi. Kesho nitaazima ngazi. Nikimkuta huyo aliyemo yu hai, nitamuua kwanza, au nitampiga picha kwanza?