Vitasa Vitatu vya Baba

2 Machi

Mwanangu Mwiko,

Hujambo huko jikoni, kwenye kambi ya wachimbaji? Mimi sijambo, isipokuwa kifua kinachonibana nikipanda ngazi za kanisani. Naandika kwa sababu simu siisikii vizuri, masikio yamechoka kabla ya mwenyewe.

Tangu tumzike mama yako, nyumba imekuwa kubwa mno. Sikulaumu kwa kutofika. Mkubwa wa kambi akikunyima ruhusa, utafanya nini? Ila mama yako, kabla hajakata kauli, aliniachia neno moja: nikuwekee mkono kichwani nikuombee, kwa niaba yake na yangu, kabla na mimi sijaondoka. Hilo haliwezi kufanyika kwa barua.

Kwaresima hii mchungaji anatufundisha kukesha. Juzi alinitania mbele ya watu kwamba Bwana akirudi ataingia nyumba zote, ila kwa Mzee Kitasa itabidi atafute fundi. Nilicheka na wenzangu. Lakini mtu aliyetengeneza vitasa vya mji huu maisha yake yote hawezi kulala na kimoja. Vitatu vyangu vinanitosha.

Ulisema utakuja Ijumaa mojawapo kwa basi la mchana. Niko tayari.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini kifua kimetulia. Mimi mzima, mikono tu imeungua kidogo, ndiyo kazi yenyewe.

Ruhusa imekwama tena. Mpishi mwenzangu anaumwa na wachimbaji hawajui kungoja chakula. Najua unachotaka, Baba, na mimi nakitaka. Wakati mwingine nikiinama juu ya sufuria najikuta nakifikiria huo mkono.

Tafadhali usiende kunisubiri stendi. Vumbi lile si la kifua chako.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Salamu za upendo, na pole kwa mikono. Paka mafuta, usijifanye shujaa.

Nakwenda stendi kila Ijumaa. Nanyoa ndevu, navaa koti, nafunga vitasa vyote, kisha nakaa kwenye benchi karibu na dirisha la tiketi mpaka basi limalize kushusha watu. Jirani yetu, fundi cherehani, anasema nimeanza kuchanganyikiwa. Mwache aseme. Nimegundua kwamba kungoja nakuweza. Nimemwambia hata mchungaji anitolee mfano siku moja, badala ya kunitania.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Sijui nianzie wapi, hata afya yako nimesahau kuuliza.

Ijumaa nilikuja. Lori letu la nyama lilipita karibu na mji na dereva akakubali kunipindishia njia. Nilitaka nikushtukize. Nikagonga, nikaita, nikapiga simu nikaisikia ikilia humo ndani. Fundi cherehani akatoka akaniambia uko stendi.

Stendi iko upande wa pili wa mji na malori hayaruhusiwi katikati mchana. Nilianza kukimbia. Dereva akapiga honi, maana nyama ilikuwa inaharibika, na nikiachwa kazi sina. Nikarudi. Nilikuachia mkate niliouoka mwenyewe, nikauning'iniza kwenye kitasa cha juu.

Nina uchungu, Baba. Nilikuambia usiende.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Mkate niliukuta. Nililia nao mkononi, sikufichi.

Nilikuwa nakungoja pale nilipoamua mimi kwamba utashukia, na nyumbani kwako nikakufungia. Nikijisifu, tena. Nimemwomba mchungaji asinitolee mfano wowote. Nimemuuliza pia kama Bwana naye nimemfanyia hivyo miaka yote hii, nikimsubiri kwenye benchi langu. Alipiga magoti, tukaomba.

Vitasa vyote nimeving'oa. Fundi cherehani anasema nitaibiwa. Waibe nini? Kiti nimekigeuza kielekee mlango. Ngazi za kanisani zimenishinda sasa, mchungaji ananiletea meza ya Bwana hapa. Sitoki tena, iwe Ijumaa au siku yoyote.

Ukija usigonge. Sukuma tu.

Baba yako

14 Juni

Baba, shikamoo.

Nakuandikia mezani kwako. Ruhusa nimepewa, ile wanayompa mtu akifiwa. Wakati wa Mama walininyima, safari hii haikuwa na shida.

Nilipofika niligonga, kwa mazoea. Ndipo nikakumbuka, nikasukuma. Pale vilipokuwa vitasa pamebaki matundu matatu, na mwanga unapita. Fundi cherehani ndiye aliyekukuta, kwenye kiti, umenyoa, koti mwilini. Ilikuwa Jumanne. Anasema ulikuwa ukijiandaa hivyo kila asubuhi.

Tumekuzika jana. Watu waliingia tangu alfajiri bila kufunguliwa na mtu. Mchungaji alianza kusimulia ule utani wake juu ya Bwana na fundi, ukamshinda katikati, akakaa.

Walipoondoka nilikaa sakafuni mbele ya kiti chako nikainamisha kichwa mahali ambapo mkono wako ungefika. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikauma. Sikusikia chochote, Baba. Nilisema amina hata hivyo.

Lori linanipitia kesho. Fundi cherehani ameniuliza kama avirudishe vitasa, kwa kuwa sasa hakuna anayengoja mtu humu. Nimemwambia asivirudishe kwanza.

Mwanao