Daraja Ulilovushwa

Papa Solange,

Umeniachia vita nusu. Hilo nakulaumu kwanza, kabla ya pole na kabla ya salamu. Miaka yote tuliyofundisha shule moja, wewe Kiingereza, mimi historia, tuligombana juu ya msemo mmoja wa Waingereza. Siku ulipopata ushahidi wako ulikuwa umelala ndani ya sanduku, nami sikuwa na wa kumjibu.

Msemo wenyewe unaujua. Mtu anaulizwa jambo gumu la kesho, anajibu: daraja hilo tutalivuka tukilifikia. Uliuokota kambini huko Bukavu, ulipokuwa mkalimani wa wazungu wa misaada. Ulinisimulia habari za yule mama wa kizungu ambaye kila alipoulizwa chakula kikiisha watu watakula nini, alisema maneno hayo, kisha akapanda gari. Mimi nikawaka. Nikakuambia hayo ni maneno ya watu wenye magari. Muntu wa Mururu, hapa kwetu mpakani na Kongo, analifikiria daraja kabla hajanawa uso. Leo wamefungua? Nani yuko zamu? Waliorudi wanasemaje? Mama anayepeleka nyanya Bukavu huwa ameshalivuka kichwani mara nyingi kabla miguu yake haijafika. Ukacheka mpaka miwani ikaanguka. "Weye muzee ya fujo, unapenda kulia na msiba haijafika!"

Hata hivyo msemo ulinivuta. Ndiyo maana nilikaa nyuma ya darasa lako la jioni, pamoja na walimu wenzetu tuliokulia Kifaransa huko Kongo. Nilitaka uueleze, nipate pa kukushika. Hukuueleza hata mara moja. Uliutumia tu. Mvua ikinyesha siku ya harusi? Daraja hilo tutalivuka tukilifikia. Mtoto akifaulu, karo itatoka wapi? Daraja hilo. Mkwe akimkataa ng'ombe kwa kuwa amekonda? Daraja hilo! Nikaanza kuona namna unavyofanya kazi. Hausemwi nyumba ikiwa inaungua. Unasemwa wakati moshi bado ni wa jirani. Tena hausemwi kwa hasira. Ni kama mtu anayekushika bega, huku akikuzuia kuuliza zaidi. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi: hao watakaovuka ni akina nani? Nani amewahesabu? Ukaniambia nikae chini, kengele imelia.

Kisha miguu yako ikavimba, ukavuka kwenda kutibiwa Bukavu, ukafikia kwa kaka yako. Tayari vita vilikuwa vinanguruma upande ule. Asubuhi ya kuondoka nilikuuliza bila kuzunguka, maana sijui kuzunguka: ukifia kule, tukuzike wapi? Mama yako amelala kule, mke na watoto wako hapa. Ukatabasamu. Ukanijibu kwa Kiingereza, ili Mama Solange asielewe.

Unajua ulichonijibu.

Ulikufa wiki ambayo mpaka ulifungwa. Kaka yako alipopiga simu, Mama Solange hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Bakimuzika kule, miye nitamulilia wapi?" Nikamwambia aniachie mimi. Nilikuwa tayari, Papa Solange! Nilikuwa na barua ya shule. Nilikuwa na hotuba juu ya haki za wafu, na mifano kutoka vita vya mataifa manne. Nikateremka mpaka darajani, Rusizi ya Pili, watu wa Mururu nyuma yangu. Ng'ambo nikaona pikapu ya kaka yako, na wanaume wanateremsha sanduku mbele ya kizuizi chao.

Nilizungumza vizuri. Ungejivunia. Afisa wetu wa mpakani alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, imefungwa," akageukia mambo yake.

Basi, hotuba ikaishia hapo.

Ila ng'ambo walikuwepo akina mama wa kwetu, waliokwama huko na vikapu vyao tangu mpaka ufungwe. Hawakukufahamu wote. Lakini nani anapita penye maiti bila kuketi? Wakashusha vikapu, wakaketi chini kulizunguka sanduku lako, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa. Sauti ikavuka mto bila kuomba ruhusa. Mama Solange akaisikia, naye akaketi palepale, katikati ya barabara. Nasi wote tukaketi. Punde nikamwona Nyirakuru Veneranda, yule bibi jirani yako, anaviringisha mawe ya mafiga hadi karibu na kizuizi. Mtu akaleta kuni.

Afisa akaja mbio. "Munafanya nini hapa?"

"Kilio, mwana wangu," bibi akamjibu, bila kuacha kupanga mawe. "Maiti iko pale, siye tuko hapa. Tutalala."

"Hapa ni mpaka! Hapana nyumba ya muntu!"

"Njo vile, hapana nyumba ya muntu. Basi umurudishe kwake."

Alisimama akiyatazama yale mafiga. Ni mtoto wa nchi hii, anajua: matanga yakishawashiwa moto, hayaondolewi kwa amri. Ng'ambo nako mwanajeshi wao alikuwa amevua kofia, anakuna kichwa. Wakapungiana mikono. Wanaume wanne wakakuleta mpaka katikati ya daraja. Wanne wa upande wetu tukakupokea. Mimi nilishika pembe ya nyuma, ya kushoto, na ulikuwa mzito kuliko hoja zako.

Na wale akina mama? Walikuja nyuma yako wakiimba, vikapu kichwani. Nani angewaambia wamwache maiti katikati ya wimbo? Wanajeshi waliangalia mto. Akina mama wakapita wote, wakalala kwao usiku ule.

Umelala nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mpaka umefunguliwa. Mama Solange amerudi kuuza maharage, na jioni anakuja kukupalilia na kukugombeza. Darasa lako nimepewa mimi, kwa kukosa mwingine. Wiki iliyopita Solange aliniuliza msemo ule maana yake nini. Nimesoma kamusi zote nilizopata, bado sijui Waingereza walikuwa mbele ya daraja gani walipousema mara ya kwanza, na kama lilikuwa na mlinzi. Nilimwambia hivi: baba yako alisema kweli kwamba huwezi kulijua daraja kabla hujalifikia. Lakini hakulivuka. Alivushwa. Naye akawavusha wengine. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaelezwa historia ya barabara.

Jana Mama Solange alinigeuzia swali langu mwenyewe. "Na weye, Mwalimu, mwenye ndugu zako bote bako Uvira, kule Kongo. Utazikwa wapi?" Nilifungua mdomo nitoe mpango. Ninao mpango, unanijua. Ukatoka msemo wako, kwa Kiingereza, na kwa lafudhi yako mbaya.

Hakuelewa hata neno moja, lakini aliitambua sauti. Alicheka, Papa Solange. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, alicheka mpaka akashika mgomba.

Lala, mpinzani wangu. Sijakubali kushindwa. Ila nakuahidi hili: sanduku lolote litakalofika kwenye daraja lile ningali hai, nitashika pembe ya nyuma, ya kushoto. Hotuba nitaiacha nyumbani.

Wako katika ubishi,
Muzee ya fujo